NANI ANAMWONDOA BURUGUMESITIRI?
Cyangugu tangu siku za chama kimoja

Ndugu wafanyakazi, tukizungumzia nchi zilizotoka katika utawala wa chama kimoja, mara nyingi macho yetu huenda mbali. Tunataja Poland, Hungary na Ujerumani ya Mashariki, zilizoachana na utawala wa kikomunisti mwaka 1989 na 1990. Tunasahau kwamba katika miaka hiyo hiyo mambo ya namna hiyo yalitokea hapa kwetu Afrika Mashariki. Safari hii tunaitazama Cyangugu, kona ya kusini-magharibi ya Rwanda, pale Ziwa Kivu linapomwaga maji yake katika mto Ruzizi, na ambapo ukivuka daraja tu umefika Bukavu.

Tuseme mapema ili tusieleweke vibaya: Rwanda haikuwa nchi ya kikomunisti. Jenerali Juvénal Habyarimana, aliyetwaa madaraka tarehe 5 Julai 1973, rafiki zake walikuwa Ubelgiji na Ufaransa, na Askofu Mkuu wa Kigali alikaa kwa miaka mingi katika kamati kuu ya chama chake. Lakini mfanyakazi wa Gdańsk au Leipzig angeshushwa Kamembe mwaka 1985, asingehitaji kuelezwa sana. Angekuta chama kimoja, picha moja ukutani, uchaguzi wenye mgombea mmoja, na chama cha wafanyakazi ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kuwaeleza wafanyakazi matakwa ya wakubwa.

Chama hicho kiliitwa MRND, na kilianzishwa tarehe 5 Julai 1975. Katiba ya mwaka 1978 ilikifanya kuwa chama pekee, na kila Mnyarwanda alihesabiwa kuwa mwanachama kwa kuzaliwa tu. Hakuna aliyeomba kadi, na hakuna aliyeweza kuirudisha. Mtoto mchanga wa Nkombo, kisiwani katikati ya ziwa, alikuwa mwanachama kabla hajapewa jina. Mwaka 1978, 1983 na 1988 Rais alisimama peke yake na kupata kura karibu zote. Katika mbili za mwisho alipita asilimia 99.

Lakini hayo ya Kigali yanajulikana. Mfanyakazi hatawaliwi na Rais kila siku. Anatawaliwa na mtu aliye karibu naye. Kwa hiyo tushuke chini.

Mkoa wa Cyangugu, au prefektura kama ulivyoitwa, ulikuwa na komini 11: Bugarama, Cyimbogo, Gafunzo, Gatare, Gishoma, Gisuma, Kagano, Kamembe, Karengera, Kirambo na Nyakabuye. Juu ya mkoa alikaa perefe. Juu ya komini alikaa burugumesitiri. Chini ya komini zilikuwapo sekta, na chini ya sekta seli. Hata nyumbakumi ilikuwapo, na neno lenyewe ni la kwetu, Kiswahili kitupu. Wanyarwanda walilichukua likaingia katika Kinyarwanda bila kubadilishwa hata herufi.

Kiti cha burugumesitiri ndicho cha kutazamwa. Yeye alisimamia polisi wa komini na kodi. Yeye alitoa vyeti, na bila cheti hupati kazi wala huhami. Yeye alisimamia umuganda, kazi ya pamoja iliyoanzishwa mwaka 1974, ambapo kila mtu mzima alitoa nusu siku kila juma bila malipo kuchimba barabara, kupanda miti au kujenga darasa. Na huyo huyo alikuwa ndiye kiongozi wa chama katika komini. Serikali na chama vilikaa katika suruali moja. Wananchi walimchagua diwani wa sekta na kamati ya seli, jambo ambalo wasemaji wa serikali hawakuchoka kulitaja. Burugumesitiri hawakumchagua. Aliteuliwa na Rais, na Rais peke yake ndiye aliyeweza kumwondoa. Basi ukiwa na shida na burugumesitiri wako, ungemshtaki kwa nani? Kwa perefe, ambaye naye ameteuliwa na mtu yule yule.

Wafanyakazi nao walikuwa na chama chao, angalau kwa jina. Mwaka 1985 iliundwa CESTRAR, shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Rwanda, chini ya mbawa za MRND. Wasomaji wetu wa Tanzania hawatashangaa. NUTA iliundwa kwa sheria mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, na vyama huru vilivyokuwapo vikafutwa. JUWATA ya mwaka 1978 ilikuwa jumuiya ya CCM. Ng'ambo ya Ruzizi, wafanyakazi wa Zaire walikuwa na UNTZA yao pekee chini ya Mobutu. Katika nchi zote hizo hoja ilikuwa moja: serikali ni ya wananchi, kiwanda ni cha serikali, kwa hiyo mfanyakazi akigoma anajigomea mwenyewe. Ni hoja tamu kuisikia jukwaani. Ugumu wake huonekana mwisho wa mwezi.

Tena Cyangugu si mahali pasipo wafanyakazi, kama wanavyofikiri wengine. Katika bonde la Bugarama, kwenye joto, karibu na mipaka ya Burundi na Zaire ya wakati ule, Wachina walisaidia kujenga kiwanda cha saruji cha Cimerwa, kikaanza kutoa saruji mwaka 1984. Huko huko bondeni kuna mashamba ya mpunga. Upande wa milimani kuna chai ya Shagasha, ambayo zamani ilikuwa chini ya shirika la serikali la OCIR-Thé. Kuna bandari ndogo ya ziwa, kuna forodha, kuna wabeba mizigo na wachuuzi wa daraja la Ruzizi. Wengi wao Kiswahili wanakijua tangu utotoni, maana bila Kiswahili huuzi kitu Bukavu.

Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1980 kilikuwa faranga 100 kwa siku. Msomaji aikumbuke tarakimu hiyo. Tutairudia.

Mambo yalianza kuharibika kutoka nje. Julai 1989 mapatano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na kahawa ndiyo iliyoingizia Rwanda fedha za kigeni. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza kwamba Zaire inaacha chama kimoja. Habari hiyo ilivuka daraja la Ruzizi siku hiyo hiyo, haikungoja pasi. Julai mwaka ule ule Habyarimana naye akasema kwamba siasa za nchi zitatazamwa upya. Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa FPR, wengi wao watoto wa Watutsi waliokimbia nchi tangu mwaka 1959, waliingia kutoka Uganda, na vita vikaanza. Mwezi uliofuata faranga ikashushwa thamani kwa asilimia 40, kwa mashauri ya wakopeshaji wa Washington. Mfanyakazi wa faranga 100 aliamka asubuhi akakuta faranga zake ni 100 kama jana, ila dukani hazikuwa zile za jana.

Katiba mpya ya tarehe 10 Juni 1991 iliruhusu vyama vingi. MDR, PSD, PL na PDC vikaandikishwa. CESTRAR ikajitenga na MRND mwaka huo huo, kama OTTU ilivyochukua nafasi ya JUWATA kule Tanzania mwaka huo huo wa 1991. Hapa kuna tofauti kubwa na Poland. Kule Poland ni chama cha wafanyakazi, Solidarność, kilichozaliwa katika kiwanda cha meli cha Gdańsk mwezi Agosti 1980, ndicho kilichokitoa chama tawala madarakani. Kwetu, chama tawala ndicho kilichokifungua chama cha wafanyakazi kamba. Aliyefunguliwa kamba hajui bado nguvu za miguu yake. (Wala tusiwaonee wivu sana wenzetu wa Gdańsk: kiwanda chao kilifilisika mwaka 1996, chini ya serikali huru waliyoipigania wenyewe.)

Sasa vyama vilikuwa vingi. Swali ni hili: nani sasa alimteua burugumesitiri? Jibu ni kwamba kwa sehemu kubwa utaratibu haukubadilika. Mara nyingi kiti kiliendelea kujazwa kutoka juu. Serikali ya mseto ilipoundwa Aprili 1992 chini ya Waziri Mkuu Dismas Nsengiyaremye wa MDR, vyama viligawana wizara, kisha vikagawana mikoa. Huyu perefe wa chama hiki, yule wa chama kile. Kwa mwananchi wa Gishoma au Karengera ilikuwa kama kubadilishiwa mwenye nyumba bila kuulizwa.

Kwa maoni yetu hapo ndipo ubaya ulipoingia. Kama burugumesitiri angeweza kuondolewa kwa kura, vyama vingetafuta kura. Kwa kuwa hakuweza, vyama vilitafuta njia nyingine ya kumwondoa. Ndipo neno kubohoza lilipoenea, maana yake kukomboa: vijana wa chama wanakwenda kwa nguvu kumng'oa mtu katika chama chake, au kumfukuza burugumesitiri ofisini. MDR ilikuwa na vijana wake, Inkuba. PSD ilikuwa na Abakombozi. MRND ilikuwa na Interahamwe, na CDR, chama cha wenye siasa kali dhidi ya Watutsi, kilikuwa na Impuzamugambi. Mwanzoni walipewa kofia, nyimbo na pombe. Wale wa MRND na CDR baadaye walipewa mafunzo ya kijeshi na silaha. Vijana hao walikuwa watu gani? Wengi hawakuwa na kazi wala shamba la kurithi. Chama cha wafanyakazi hakikuwafikia kwa sababu hawakuwa na mwajiri, na mtu asiye na mwajiri huwa hana tawi.

Cyangugu ilitoa watu katika kila upande wa ugomvi huu. Faustin Twagiramungu, aliyezaliwa huko mwaka 1945 na aliyewahi kuongoza shirika la malori ya safari za nje, STIR, alikuwa kiongozi wa MDR, na mapatano ya Arusha ya tarehe 4 Agosti 1993 yalimtaja kuwa Waziri Mkuu wa serikali ya mpito. Martin Bucyana, mwenyekiti wa CDR, naye alikuwa mtu wa Cyangugu. Tarehe 21 Februari 1994 Félicien Gatabazi, waziri na kiongozi wa PSD, aliuawa kwa risasi mjini Kigali. Kesho yake Bucyana, akisafiri kutoka Cyangugu kwenda Kigali, alizuiwa na kundi la watu karibu na Butare akauawa. Siku mbili, viongozi wawili. Serikali ya mpito iliyoahidiwa Arusha ilikuwa bado haijaapishwa.

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Habyarimana ilitunguliwa. Yaliyofuata yanajulikana kwa jina lake: mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika siku kama 100 waliuawa zaidi ya watu 800,000, na pamoja na Watutsi waliuawa Wahutu waliopinga mauaji hayo. Hatutaeleza yote. Tutasema la Cyangugu tu, kwa sababu linahusu utawala tunaouzungumzia.

Katikati ya Aprili Watutsi waliokimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa katika uwanja wa Kamarampaka. Waliambiwa ni kwa usalama wao. Uwanja ulilindwa na askari wa serikali, na kutoka humo watu walitolewa wakaenda kuuawa. Jina la uwanja lenyewe, ndugu msomaji, linatokana na uchaguzi: Kamarampaka ni jina wanalolitumia Wanyarwanda kwa kura ya maoni ya tarehe 25 Septemba 1961, iliyoondoa ufalme. Waliobaki hai walipelekwa mwezi Mei katika kambi ya Nyarushishi, ambako maelfu walikutwa wakiwa hai majeshi ya Ufaransa yalipoingia kupitia Bukavu mwishoni mwa Juni. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu mwaka 2010 Yussuf Munyakazi, mkulima wa mpunga wa Bugarama aliyeongoza Interahamwe, kifungo cha miaka 25 kwa mauaji ya parokia za Shangi na Mibilizi.

Mauaji hayo hayakufanywa kwa vurugu tu. Yalitumia njia zile zile za umuganda: perefe, burugumesitiri, diwani, seli, nyumbakumi. Orodha za wakazi zilikuwapo tayari. Watu waliitwa kwenye mauaji kwa neno lile lile, kwamba ni kazi. Na burugumesitiri aliyetaka kukataa hakuwa na wananchi nyuma yake wa kumkinga, maana kwa kawaida si wao waliomweka. Wapo waliokataa, na baadhi walilipa kwa roho zao. Huko Butare perefe Jean-Baptiste Habyalimana wa PL, Mtutsi pekee aliyekuwa na cheo hicho nchini, aliuzuia mkoa wake kwa karibu majuma mawili. Aliondolewa kazini kwa tangazo la redio, kisha akauawa. Mkono unaoteua ulikuwa bado unafanya kazi yake.

FPR ilishinda vita Julai 1994. Twagiramungu aliapishwa kuwa Waziri Mkuu tarehe 19 Julai, akajiuzulu Agosti 1995, akaenda Ubelgiji. Mwaka 2003 alirudi kugombea urais. Chama chake cha zamani, MDR, kilikuwa kimefutwa mwaka huo huo kwa tuhuma za ukabila, akasimama kama mgombea binafsi, akapata asilimia 3.62 dhidi ya asilimia 95 za Paul Kagame. Alifariki dunia Ubelgiji mwezi Desemba 2023.

Je, kiti cha burugumesitiri kilikuwaje? Ni haki kusema kwamba kilibadilishwa. Mwaka 1999 wananchi walichagua viongozi wa seli na sekta kwa kupanga mstari nyuma ya wagombea. Mwaka 2001 komini zikawa wilaya, na wilaya zikapata mabaraza ya kuchaguliwa. Mwaka 2006 ramani yote ikachorwa upya: mikoa 12 ikawa 4 na jiji la Kigali, wilaya 106 zikawa 30. Jina la Cyangugu likatoka katika karatasi za serikali, likabaki midomoni mwa watu. Sehemu yake ya kusini ikawa wilaya ya Rusizi yenye sekta 18, sehemu ya kaskazini ikaingia Nyamasheke, na makao ya mkoa wa Magharibi yakawekwa Karongi.

Meya wa wilaya anachaguliwa na madiwani, na madiwani wanaweza kumwondoa. Hilo MRND haikulijua kamwe. Lakini wagombea wa ngazi hizi hawasimami kwa tiketi ya chama, hivyo ni vigumu kwa mpiga kura kujua nani anataka nini. Makatibu watendaji wa sekta na seli, ambao ndio mwananchi anakutana nao kila siku, ni waajiriwa wa serikali. Na kila mwaka meya hutia saini imihigo, mkataba wa malengo, mbele ya Rais wa nchi: barabara kilomita kadhaa, madarasa kadhaa, kaya kadhaa zenye bima ya afya. Wapo wanaousifu utaratibu huu, na si bure. Barabara zimejengwa na ofisi zinafunguliwa saa ya kazi. Sisi tunauliza swali letu la zamani. Mtu aliyetia saini kwa Rais, akigongana na wananchi waliomchagua, atamtazama nani kwanza?

Vyama vya wafanyakazi sasa ni vingi. CESTRAR ipo, na pembeni yake zipo COSYLI na COTRAF. Waajiri pia wamebadilika. Shagasha ilitoka mikononi mwa serikali mwaka 2012, na mpango ukawa kwamba wakulima wa chai wapate hisa. Cimerwa ilikuwa ya serikali, kisha asilimia 51 zikanunuliwa na PPC ya Afrika ya Kusini mwaka 2013, kiwanda kipya cha tani 600,000 kwa mwaka kikafunguliwa 2015, na mwaka 2024 karibu hisa zote zikaingia kwa National Cement Holdings ya Kenya. Kwa hiyo ile hoja ya jukwaani, kwamba mfanyakazi akigoma anajigomea mwenyewe, imekufa kifo cha kawaida. Hakuna anayeweza kumwambia mpakia saruji wa Bugarama kwamba kiwanda ni chake.

Na zile faranga 100? Sheria ya kazi ya mwaka 2009 ilisema kima cha chini kitawekwa kwa amri ya waziri. Sheria ya mwaka 2018 ikasema vivyo hivyo. Vyama vya wafanyakazi viliandika barua, vikafanya mikutano, vikapeleka mapendekezo. Kufikia miaka ya 2020 vyama vilikuwa vingali vinadai amri hiyo itiwe saini, na kiwango pekee kilichoandikwa kilikuwa kile cha mwaka 1980, faranga 100 kwa siku, ambazo hazinunui yai moja sokoni Kamembe. Ni kweli kwamba waajiri wengi hulipa zaidi ya hapo, maana kwa bei hiyo hawapati mtu. Lakini mfanyakazi wa shamba au kibarua wa ujenzi anayepunjwa hana kiwango cha kukishika mkononi mbele ya mkaguzi wa kazi.

Mkazi wa Muganza leo anaweza kusimama mstarini na kumchagua mkuu wa umudugudu wake, na muhula ukiisha akasimama nyuma ya mwingine. Akitaka kumwuliza mtu kuhusu hizo faranga 100, mkuu wa umudugudu hana jibu, diwani hana jibu, meya hana jibu. Atapanda basi la Kigali, safari ya mchana kutwa kupitia msitu wa Nyungwe, na nauli yake peke yake inapita mshahara wa siku nyingi kwa kiwango hicho.